Tuta la nne: shaba ilipojitokeza pasipotarajiwa katika bustani ya chuo, Lubumbashi

Karatasi ya majibu ilirudi kutoka maabara mwezi wa saba, imekunjwa mara nne ndani ya daftari la mwanafunzi wangu. Aliifungua juu ya meza, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akanyamaza. Alikuwa na matuta sita katika bustani ya mimea ya chuo, kila moja mita moja kwa mita moja. Matatu yalitiwa shaba, matatu yaliachwa bila shaba ili yawe ya kulinganisha. Kwenye mstari ule, nyasi za tuta la nne, ambalo halikutiwa kitu chochote, zilikuwa na shaba nyingi kuliko nyasi za tuta la pili, ambalo yeye mwenyewe alilimwagia sulfati ya shaba, zile chembe za buluu, akiwa amevaa glavu za kuoshea vyombo.

"Asistanti, wamechanganya vikopo," alisema.

Nilikubali haraka, labda haraka mno. Kosa la vikopo ni kosa zuri: unapeleka sampuli upya, unalipa tena, mambo yanakwisha. Tulipeleka majani yaliyobaki kwenye bahasha, na majibu yakaja karibu yaleyale. Kiangazi chote kilichofuata tulikitumia kutafuta shaba ile ilipitia wapi. Nakieleza kisa hiki kwa wenzangu wanaosimamia wanafunzi, na kwa wanafunzi wanaoiona bustani ya chuo kama mahali rahisi pa kufanyia kazi ya kuhitimu. Chuo sitakitaja. Makosa mengi utakayoyasoma hapa yalikuwa yangu.

Kwanza swali lenyewe lilitoka wapi. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa, kikaendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwanza chini ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, kisha kampuni ya Gécamines. Upepo wa huku kwa sehemu kubwa ya mwaka hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi wa lile bomba refu ulikuwa unalala kuelekea kaskazini-magharibi. Ndani ya moshi mlikuwa na shaba, zinki, risasi, kadimiamu, aseniki, pamoja na gesi ya salfa iliyoutia udongo uchachu. Mtaa wa Penga Penga ndipo mzigo huo ulipoangukia. Miti ya miombo ilikufa, mvua ikasomba udongo wa juu, na hata baada ya tanuru kuzimwa ziko sehemu ambazo ardhi bado ni kipara. Watoto wanacheza pale. Akina mama wanapanda lengalenga, yaani mchicha, nyuma ya nyumba.

Shaba ya namna hiyo huwezi kuitoa ardhini kwa gharama ambayo mtu wa hapa ataimudu. Unachoweza ni kuifungia palepale: uoteshe nyasi zinazoivumilia bila kuipandisha sana kwenye majani, na mizizi yake ishike udongo usiondoke na mvua wala upepo. Watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha mwaka 2010 jaribio la aina hiyo. Walitumia nyasi za aina tatu kwenye udongo uliotiwa miligramu 2,500 za shaba kwa kilo. Sehemu nyingine ziliongezwa mboji kilo 4.5 kwa mita ya mraba, nyingine chokaa kilo 0.2. Nyasi iliyostahimili vizuri zaidi bila msaada ilikuwa Microchloa altera, wakati ule ikiandikwa Rendlia altera, nyasi fupi ya vilima vya shaba. Cynodon dactylon, ile inayotambaa kwenye kila ua hapa mjini, ilihitaji chokaa ndipo iishi. Chokaa hupunguza uchachu, na uchachu ukipungua udongo huikamata shaba isiingie mizizini kirahisi. Waandishi walimalizia kwa kusema kwamba chokaa na mboji zikiwa pamoja bado zinahitaji kuchunguzwa. Mwanafunzi wangu alidaka hapo: mboji ya taka za jikoni, ambayo kila nyumba inaweza kuipata, ikiungana na chokaa, inafanya nini zaidi ya chokaa peke yake? Kwa hiyo alipanda Microchloa: tuta moja bila kitu, moja chokaa, moja chokaa na mboji, mara mbili: penye shaba na pasipo shaba. Matuta sita ni machache, najua. Ndiyo tuliyoweza kuyalipia.

Na kwa nini bustani, si Penga Penga yenyewe? Maji yapo, ukuta upo, mbuzi hawaingii, na mzee anayeitunza, papa kama tunavyomwita, analala palepale. Sababu zote nne ni za kweli na hakuna hata moja iliyohusu udongo. Mimi ndiye niliyemwambia, "Fanyia bustanini, kule ni pasafi."

Neno hilo ndilo lililotugharimu.

Tulianza na vumbi. Tuta la nne liko chini ya ukuta, na nyuma ya ukuta kuna barabara isiyo na lami. Mvua huisha mwezi wa nne; majani yalikatwa mwishoni mwa mwezi wa tano, baada ya wiki nyingi bila tone moja. Mwenye kuijua Lubumbashi ya miezi hiyo anajua ukiegesha pikipiki asubuhi, mchana unaandika jina lako kwenye kiti. Mwanafunzi alisema majani aliyaosha. Nikamuuliza aliyaosha vipi. "Kwa maji ya bomba, kama mboga."

Tukakata upya na kufanya mafungu matatu. La kwanza halikuoshwa. La pili lilioshwa kama mboga. La tatu lilioshwa kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke yenye sabuni ya maabara, jani kwa jani, kwa mswaki laini, kisha likasuuzwa mara tatu. Beseni lilikuwa jeupe, la enameli, la mama yake, lenye ua jekundu katikati. Microchloa ina majani membamba yaliyojikunja karibu kuwa uzi, na vumbi hujificha ndani ya mkunjo. Maji ya kwanza yalikuwa na rangi ya chai kavu. Lile ua la beseni halikuonekana. Ya pili ua likaanza kuonekana. Katika maji ya mwisho, tulipoinamisha beseni kuyamwaga, bado palibaki mstari mwembamba mwekundu pembezoni, kama ule unaobaki ukimwaga maji ya kunawia miguu.

Hesabu yake si ngumu, na ningependa kila mwanafunzi aifanye kabla ya kutuma sampuli. Chukua gramu 100 za majani makavu zilizobeba gramu 5 za vumbi. Vumbi hilo likiwa na miligramu 1,000 za shaba kwa kilo, kiasi ambacho katika udongo uliolaliwa na moshi wa kiwanda si cha kushangaza, zile gramu 5 zina miligramu 5 za shaba. Kwa kilo ya majani hiyo ni miligramu 50. Majani ya mmea wa kawaida huwa na miligramu 5 hadi 20 hivi. Maana yake vumbi peke yake limekuandikia jibu kubwa kuliko mmea, na mashine ya maabara haina macho: inayeyusha kila kilichomo kwenye kikopo, inahesabu.

Ipo njia ya kumkamata mwizi huyu. Chuma na titani zimejaa kwenye udongo wetu mwekundu, lakini mmea hauchukui titani kwa kiasi cha maana. Ukiona titani inapanda pamoja na shaba, ujue unapima barabara. Tulipoomba maabara iongeze vipimo hivyo viwili, fungu ambalo halikuoshwa lilijisema lenyewe.

Hili nalijua tangu zamani, na ndiyo maana linaniuma. Miaka ya 1970 na 1980 mimea mingi ya Katanga, eneo letu hili, ilitajwa duniani kuwa inakusanya shaba na kobalti kwa viwango vya ajabu. Haumaniastrum robertii ilikuwa nyota yao. Mwaka 2007 watafiti walipopima upya baadhi ya mimea hiyo na kuosha majani kwa uangalifu, vipimo vilitoka chini sana kuliko vile vya mwanzo, wakaonya kwamba sehemu ya sifa ile huenda ilikuwa vumbi la madini juu ya majani. Kila mwaka nawasimulia wanafunzi jambo hilo darasani. Kisha sampuli yangu mwenyewe ikaoshwa kama mboga.

Fungu la tatu, lile la mswaki, lilishuka chini ya kipimo cha tuta la pili, mahali lilipostahili kuwa. Mwanafunzi alifurahi, akafunga daftari. Lakini ukilinganisha na tuta la tano na la sita, ambayo nayo hayakutiwa shaba, la nne bado lilikuwa juu, hata baada ya kukumbuka kwamba yale mawili yalipata chokaa. Vumbi lilieleza sehemu kubwa, si yote.

Basi tukaenda kwa papa. Ana miaka mingi pale kuliko sisi sote, na hakuna aliyewahi kumuuliza lolote zaidi ya saa ya kumwagilia.

"Papa, shikamoo. Hii udongo ya tuta ya ine ilitoka wapi?"

"Mama, ile ya mbele haikukuwa inaotesha kitu. Tulitosha, tukaweka ingine ya kamiyo."

(Kwa msomaji wa mbali: kwa Kiswahili cha huku *ya mbele* ni ya kwanza, *kutosha* ni kuondoa, na *kamiyo* ni lori. Mwanafunzi wangu anatoka Bukavu, na alidhani kwanza kwamba papa anasema udongo ulitosha.)

Kamiyo ilitoka kwa watu waliokuwa wanachimba msingi wa nyumba "kule chini, upande wa kiwanda". Lini? Papa alihesabu kwa watoto wake: kijana wake wa tatu alikuwa anaanza shule. Udongo ulikuwa mweusi kidogo, unaonekana una rutuba, akaona ni bahati. Matuta ya jirani hayakuguswa kwa sababu kamiyo ilikuwa moja. Tulichimba sampuli kwenye matuta yote, sentimita 20 kwenda chini, na kwenye njia kati yake pia. Tuta la nne lilikuwa na shaba yake mwenyewe, ya zamani, iliyoletwa na kamiyo. Lile tuliloliita tupu ndilo lililokuwa na historia ndefu kuliko yote.

Hapa nawalaumu wasimamizi, nikianza na mimi, wala simlaumu papa hata kidogo. Alifanya anachofanya mkulima mzuri: mahali pasipoota, badilisha udongo. Tatizo ni kwamba hapakuwa na daftari la kumwambia aandike, wala mtu wa kulisoma. Na mimi sikupima udongo kabla ya kupanda. Kipimo kimoja cha mwezi wa kumi na moja kingetuokoa miezi minane.

Sasa linakuja jambo la tatu, ambalo mwenzangu mmoja analiona dogo na mimi naliona kubwa kuliko mengine. Miche yenyewe ilitoka wapi? Mwanafunzi aliichimba kutoka kwenye tuta la Microchloa lililokuwamo bustanini. Tuta lina kibao cha plastiki kilichoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na jua lilikwishakula kila kitu isipokuwa herufi *M* na kitu kama tarakimu. Je, ilikuwa imeletwa kutoka kilima cha shaba, au Penga Penga, au mahali pasipo na shaba kabisa? Mwenzangu anasema nyasi ni nyasi. Lakini ndani ya aina moja ya mmea, kizazi kilichokulia kwenye shaba kwa karne nyingi na kizazi kilichokulia nje yake vinaweza kuitendea shaba tofauti kabisa. Asiyejua asili ya miche hawezi kusema amepima uvumilivu wa Microchloa. Amepima uvumilivu wa tuta moja lenye kibao kilichofutika.

Bustani za kwanza za vyuo vikuu, Pisa mwaka 1544 na Padova mwaka 1545, zilianzishwa ili wanafunzi wa udaktari wautambue mmea wa dawa halisi na wasidanganywe na unaofanana nao. Kabla ya uzuri, kabla ya kivuli, kazi yake ilikuwa jina sahihi juu ya mmea sahihi. Leo hii shirika la kimataifa la bustani za mimea likieleza bustani ya mimea ni nini, sifa inayoitenganisha na uwanja wa maua ni kwamba mimea yake ina kumbukumbu: imetoka wapi, nani aliichukua, siku gani, na ikiwezekana tawi lake kavu limehifadhiwa kwenye hebariamu, ghala la mimea iliyokaushwa, ili atakayetilia shaka aende akaangalie. Kwa kipimo hicho, sisi tulikuwa na maua.

Na kwa Katanga kumbukumbu hizo si anasa. Vilima vyetu vya shaba na kobalti, zaidi ya mia, vina karibu aina 600 za mimea. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010 ulihesabu aina 32 ambazo haziishi mahali pengine popote isipokuwa kwenye udongo wa shaba wa huku, na nyingine 24 ambazo huonekana nje mara chache. Nyingi ya zile 32 ziliwekwa kwenye kundi la zilizo hatarini kabisa kutoweka, kwa sababu kilima ndicho mgodi: kikichimbwa, makazi yamekwenda. Bustani ni mojawapo ya mahali pachache pa kuzihifadhi. Lakini kuhifadhi mmea bila kujua ulitoka kilima gani ni kama kuokota mtoto sokoni na kutomuuliza jina la kwao. Atakula, atakua, ila kumrudisha hutaweza.

Pembeni mwa bustani kuna tuta dogo la Haumaniastrum katangense, ua la shaba, ambalo wachunguzi wa mambo ya kale wamelifuata kutafuta matanuru ya wahenga wetu waliokuwa wakiyeyusha shaba na kumimina misalaba. Mwaka wa kwanza lilipandwa kwenye udongo mzuri, wenye mboji, na miche mingi ikaoza shinani. Papa alilihamishia kwenye udongo wa kijani aliouletewa na mwanafunzi kutoka kilimani, likaota bila wasiwasi. Wapo watafiti waliopendekeza kwamba shaba ya udongoni huulinda mmea huu dhidi ya kuvu wa udongo ambao mimea mingine inawamudu. Iwe ndivyo au la, udongo ulio salama kwa lengalenga ulikuwa kaburi kwa ua la shaba. Hilo papa alilifahamu kabla yangu, na lenyewe halikuandikwa popote mpaka mwezi wa nane mwaka huu.

Tulipokutana kuamua la kufanya na kazi ya mwanafunzi, maoni yaligongana. Mwenzangu alitaka aanze upya mwaka unaofuata, matuta mapya, udongo uliopimwa. Kitaaluma hana makosa. Lakini mwaka mmoja kwa familia yake ni karo, pango la chumba, na kaka mdogo anayesubiri zamu. Mimi nilishikilia kwamba swali la chokaa na mboji limekufa, na asilisemee hata sentensi moja, ila mikononi mwake lilikuwepo swali jingine lililopimwa vizuri: majani ya bustani ya mjini yanabeba shaba kiasi gani juu yake na kiasi gani ndani yake, na namna ya kuosha inabadilisha nini. Alibadilisha kichwa cha kazi. Aliongeza fungu la lengalenga kutoka tuta la papa, lililooshwa kama kila mama wa Lubumbashi anavyoosha. Sura ya tuta la nne aliiandika yote, pamoja na kamiyo. Baraza lilimuuliza maswali mengi kuhusu kamiyo kuliko kuhusu kitu kingine chochote, akajibu akiwa amesimama wima.

Bustanini mambo yamebadilika kidogo. Kila tuta lina kipimo cha udongo kabla halijapandwa, shaba na uchachu. Daftari ni moja, la jalada gumu, linakaa kwa papa na si ofisini, kwa sababu yeye ndiye anayekuwepo mzigo unapoingia. Asipokuwa na nafasi ya kuandika, mjukuu wake anaandika. Vibao tunavikata kwenye makopo ya soda, namba inachorwa kwa msumari, jua halina la kufuta. Miche ya Microchloa ya zamani haikung'olewa. Imeandikwa: *asili haijulikani, isitumike kulinganisha*. Mwenzangu bado anasema nimezidisha.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku mwezi wa kumi, fupi na yenye upepo. Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu yangu iliita. Alikuwa tayari getini, ingawa shahada yake ilikwishakamilika na hakuna aliyemtuma, ana bahasha sita na beseni la mama yake, anataka papa afungue ili akate majani ya tuta la nne kabla lori la kwanza halijapita.